Lori la saipresi silo linalomaliza msitu wa Aberdare

Tangu ile Julai ya 2023 Rais Ruto alipotangaza kule Molo kwamba marufuku ya kukata miti imeisha, kuna picha ya aina moja imezunguka kwa simu zetu mara nyingi sana. Lori limejaa magogo, limesimama kando ya barabara, na chini yake mtu ameandika kwamba msitu umekwisha, watoto wetu watakunywa maji gani. Watu wanakasirika, wanatumiana kwa magrupu, kesho inakuja picha ya lori lingine. Mimi pia huo msitu unaniuma, nimezunguka milima ya Aberdare kwa miguu kutoka Njabini mpaka upande wa Nyeri, lakini ukizivuta hizo picha uziangalie vizuri utaona magogo karibu yote ni saipresi na paini, yaani miti iliyopandwa kwa mistari, ikapogolewa, ikahesabiwa, ikangoja miaka kama 30 ivunwe. Hiyo ni shamba ya miti, msitu wa kale ni kitu kingine kabisa. Na hapa ndipo naona tumekosea: hasira yote tumeielekeza kwa lori ambalo silo, na ule mti ambao ukianguka haurudi, muthaiti ambao watu wa mbao wanauita kamfa, unatoka msituni usiku ukiwa umeshapasuliwa, umefunikwa na nyasi za ng'ombe, na hakuna anayeupiga picha. Tukiendelea kubishana kama marufuku irudi ama isirudi, tutashinda ama tutashindwa huo ubishi na msitu wa kale utaendelea kuisha vilevile, manake marufuku yenyewe haikuwa inaugusa.

Wacha nieleze, sababu mambo haya mawili yamechanganywa mpaka hata viongozi wanayachanganya. Kukata miti ya asili kwenye misitu ya serikali kulipigwa marufuku na rais tangu 1986, na hiyo marufuku hakuna aliyeiondoa. Marufuku nyingine, ile ya miti ya kupandwa, imekuwa ikija na kwenda. Kulikuwa na moja mwishoni mwa miaka ya 1990 ambayo kampuni chache kubwa ziliachwa ziendelee kuvuna huku wenye vinu vidogo wakifungiwa, ikaja kulegezwa baada ya miaka kama kumi na kitu. Halafu Februari 2018, wakati mito ilikuwa imekauka na bwawa la Ndakaini limeshuka mpaka Nairobi ikawa inagawiwa maji kwa zamu, serikali ikasimamisha uvunaji wote kwa siku 90, na aliyetangaza alikuwa huyo huyo Ruto akiwa naibu wa rais. Siku 90 zikaongezwa, zikaongezwa tena, zikawa miaka mitano na zaidi. Ilipoondolewa 2023 Chama cha Wanasheria kikakimbia kortini, korti ikasimamisha kwa muda, na kutoka hapo mjadala wa nchi nzima ukawa ni marufuku ndiyo, marufuku hapana. Kwa hiyo mtu wa kawaida akisikia marufuku imeondolewa anadhani pawasoo, ile misumeno ya injini, zimefunguliwa kwa kila mti, na mtu wa kinu cha mbao akisikia watu wa mazingira wanapiga kelele anadhani wanataka saipresi yake ya miaka 35 iozee shambani. Wote wawili wanaongea juu ya mti mmoja, na huo mti siyo ule ulio hatarini.

Jambo la pili ambalo wengi hawalijui, hasa sisi tunaotoka Nairobi Jumamosi alfajiri na mabuti na chupa za maji, ni kwamba tukisema Aberdare tunadhani yote ni mbuga. Siyo hivyo. Mbuga ya taifa ya Aberdare, iliyotangazwa 1950, ina kilomita za mraba 766 na sehemu yake kubwa iko juu, kule kwa nyasi na baridi, kwenye vilele vya Satima na Kinangop, pamoja na ule mkono unaoshuka upande wa Nyeri. Kule chini kidogo, kati ya mita 2,000 na 2,600 hivi, ndiko ulipo msitu mrefu wenye mvua, ndiko ilipo miti ya muthaiti, na huo kwa sehemu kubwa uko nje ya mbuga, ni hifadhi ya msitu chini ya KFS, shirika la serikali la misitu, zaidi ya hekta laki moja ukizunguka mlima wote. Ni hapo hapo pia kulipandwa saipresi na paini tangu wakati wa mkoloni, mara nyingi baada ya msitu wa asili kufyekwa kwanza. Kwa hivyo mpaka kati ya shamba ya miti na msitu wa miaka mia tatu kwa sehemu nyingi siyo ukuta wala mto, ni njia ya tope yenye upana wa trakta, upande huu laini za paini, upande ule giza. Anayepewa kibali cha kuvuna upande huu anafika na barabara, na trakta, na vijana wenye misumeno, na hema za kulala miezi miwili. Upande wa pili hakuna mtu.

Hiyo njia ya tope ndiyo inabeba hoja yangu yote. Tukiongea juu ya kulinda msitu tunaongea kana kwamba kuna adui mmoja mwenye jina na leseni, lakini ukiuliza wazee wa pembeni mwa msitu muthaiti uliishaje watakwambia uliisha mmoja mmoja. Wanaume wawili ama watatu wanaingia, wanaangusha mti mmoja, wanachimba shimo la kupasulia, mmoja anasimama juu ya gogo na mwingine chini, wanavuta msumeno siku mbili tatu, mbao zinatoka begani ama kwa punda mpaka barabarani. Mwaka wa 1999 KWS, shirika la serikali la wanyamapori, walipopanda ndege kuhesabu uharibifu wa Mlima Kenya waliona zaidi ya miti 6,700 ya kamfa imekatwa, na kumbuka marufuku ya miti ya asili ilikuwa na miaka 13 wakati huo. Miaka michache baadaye wakapitia Aberdare kwa ndege vilevile wakakuta kamfa imekatwa kwa maelfu na matanuri ya makaa yametapakaa kote. Karatasi ya marufuku ilikuwepo muda wote huo. Kile kilichobadilisha Mlima Kenya ni kwamba 2000 msitu wake wote ukawekwa chini ya KWS kama hifadhi ya taifa, askari wakawa wanalala ndani, na hesabu iliyofanywa baada ya hapo ikaonyesha ukataji wa kamfa umepungua sana. Upande wa Aberdare kilichosaidia zaidi ni ule ua wa umeme wa kama kilomita 400, ulioanza 1989 kama kazi ya kulinda vifaru na ukakamilika 2009, ambao bila hata kukusudiwa hivyo ulimfanya mwenye kutoa mbao apite kwa geti linalojulikana.

Sasa tuwasikilize wenye vinu vya mbao, kwa sababu hoja yao wanaharakati wengi wanaipita haraka na siyo hoja dhaifu. Wanasema saipresi ikishakomaa ikiachwa inaanza kuoza katikati, upepo unaiangusha, na serikali inapoteza pesa iliyotumika kuipanda na kuitunza. Wanasema miji kama Elburgon, Molo, Maji Mazuri na Timboroa ilisimama kwa mbao, na marufuku ilipokuja hoteli zilifunga, wapakiaji wakakaa, vijana wakahamia makaa. Wanasema pia Wakenya hawakuacha kujenga hata siku moja, mbao ziliendelea kutumika, ila zikawa zinatoka Tanzania kwenye mashamba ya paini ya Sao Hill kule Mufindi, na zingine kutoka Uganda na Kongo, na za Kongo hakuna aliyeuliza zimetoka kwa msitu gani. Hayo yote ni kweli na mimi nayakubali. Nchi yenye hekta kama 150,000 za mashamba ya miti ya serikali inafaa ivune miti yake kwa utaratibu na ipande tena. Na kuna kitu zaidi: saipresi halali ikikosekana sokoni, bei ya kamfa ya wizi inapanda. Marufuku ya jumla inaweza kabisa kuwa inamsukuma mwizi msituni.

Wale wanaotaka marufuku kamili nao wana hoja yenye uzito, nayo ni kwamba mlinzi haaminiki. Jopo lililoundwa 2018 kuchunguza usimamizi wa misitu chini ya Marion Wakanyi Kamau wa Green Belt Movement halikuzunguka kwa maneno, lilisema wazi kwamba usimamizi wa KFS wakati huo ulishindwa kuzuia ufisadi na kwa sehemu nyingine uliushiriki. Ukishasoma hiyo ripoti unaelewa kwa nini mtu anasema afadhali misumeno yote inyamaze, sababu ukisikia msumeno msituni wakati wa marufuku unajua ni mwizi, lakini ukisikia wakati wa ruhusa hujui. Hiyo ni hoja nzito na nimekaa nayo muda mrefu. Lakini inatatua tatizo la kusikia peke yake. Pawasoo inasikika, msumeno wa mkono hausikiki, na kamfa nyingi ya Mlima Kenya ilipasuliwa na watu waliotumia mikono. Tena marufuku ikikaa muda mrefu inapoteza watu: mwaka wa kwanza kila mtu anaiunga mkono, mwaka wa tano mama wa Njabini aliyekuwa anauza chai kwa wapakiaji amegeuka adui wa msitu, na huyo mama ndiye alikuwa anajua nani anaingia usiku.

Hoja dhaifu kuliko zote ni moja na ndiyo inayosikika zaidi, kwa sababu inapendwa na wanasiasa wa pande zote. Inasema tusijali, tunapanda. Desemba 2022 serikali ilitangaza mpango wa kupanda miti bilioni 15 kufikia 2032, 13 Novemba 2023 tukapewa sikukuu nzima ya kupanda, na shabaha ni nchi ifike asilimia 30 ya eneo lenye miti kutoka asilimia 12.13 ya wakati huo. Mimi sina neno na kupanda, nimepanda na nitapanda, Wangari Maathai alituachia hiyo kazi na ni kazi ya heshima. Lakini hiyo hesabu inaposogezwa kando ya msitu wa kale kama malipo ya msitu wa kale, inakuwa uongo, hata kama anayesema hajui anadanganya. Katika hiyo asilimia 12.13 mparachichi wa nyuma ya nyumba unahesabika, miti ya pembeni mwa shamba inahesabika, mkaratusi wa miaka minne uliokausha chemchemi ya jirani unahesabika sawa na muthaiti wa mita 40. Nchi inaweza kabisa kuongeza asilimia kwa karatasi huku kamfa ya mwisho ya bonde fulani inaanguka, na grafu isitikisike.

Nitasema nilichokiona, kisha nirudi kwa hoja. Upande wa Murang'a, juu ya Gatare, mzee mmoja aliyekuwa anatuongoza alitutoa kwa njia akatupeleka mahali penye kisiki. Kisiki kimeoza katikati, watu watatu wangeweza kukaa ndani bila kugusana magoti, na pembeni kuna lile shimo la kupasulia limejaa majani na maji. Mzee akaparua gamba na panga kidogo akatupa tunuse, na harufu ilikuwa bado ipo, kali kama dawa ya kifua. Mmoja wetu akamuuliza, "Mzee, huu ulikatwa lini?" Akasema, "Huu ulikatwa kabla sijaoa, na sasa nina wajukuu." Akatuonyesha machipukizi yaliyotoka kwa mizizi kuzunguka kisiki, nilihesabu kumi na moja, la juu kabisa lilinifika kifuani na ncha yake ilikuwa imeliwa. "Hizi ni ndovu na paa," akasema. "Kila ikijaribu wanakula."

Huyo mzee alieleza kwa dakika mbili kile ambacho watu wa misitu wameandika kwa miaka. Muthaiti unarudi zaidi kwa machipukizi ya mizizi kuliko kwa mbegu. Mbegu zake zinakuja kwa wingi baada ya miaka kama kumi, nyingi zinaharibiwa na wadudu zikiwa bado juu ya mti, na zinazoanguka zinapoteza uhai haraka, kwa hivyo huwezi kuziweka kwa gunia ukapanda mwaka ujao kama saipresi. Hata ukitunzwa vizuri unachukua kama miaka 60 hadi 75 kufika unene wa nusu mita, na ile miti tunayoisimamia chini tukipiga picha ina unene wa mara mbili, mara tatu ya huo. Halafu ukikatwa, ule mwanga unaoingia unaita mimea ya haraka, ule mti unaoitwa makaranga na miiba na ndago, inafunga ile nafasi, na wanyama waliobanwa ndani ya ua wanakula chipukizi. Ndiyo maana kuna mabonde yaliyokatwa kamfa wakati wa babu zetu na mpaka leo hayajarudi kuwa msitu wa kamfa, ukiyaona kwa mbali ni kijani, ukiingia ndani ni kichaka. Mtu akikuambia mti ukikatwa tunapanda miwili, muulize ni mti gani, itatoka kwa kitalu gani, na nani atakuwa hai kuiona.

Na hapo bado hatujafika kwa maji. Watu wa Nairobi wanajua kwa mdomo kwamba maji yao yanatoka Aberdare lakini nadhani wengi hawajawahi kufikiria yanatokaje. Bwawa la Ndakaini linabeba kama mita za ujazo milioni 70, linalishwa na mito inayoshuka kutoka kwa huo huo msitu, na sasa kuna handaki la kilomita 11.8 lililochimbwa Murang'a kuvuta maji ya mito ya Maragua, Gikigie na Irati yaongezewe humo. Msitu wa kale unafanya kazi ambayo shamba la paini haliwezi kwa kiwango hicho: matawi yamejaa ndevu za mzee, vile vitu vya kijivu vinavyoning'inia kama nywele, zinazokamata ukungu ukadondoka hata siku isiyo na mvua, chini kuna mboji ya mamia ya miaka inayomeza mvua kubwa na kuiachia polepole mpaka Februari. Ukikanyaga hapo mguu unazama mpaka kifundoni. Ukikanyaga kwa paini iliyovunwa juzi unakanyaga udongo mwekundu unaoteleza, na mvua ya kwanza huo udongo uko kwa mto, baadaye uko Masinga ukijaza bwawa la umeme. Mwaka wa 2012 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira pamoja na KFS walipiga hesabu ya milima yetu yenye misitu, wakaona kwamba kukata misitu kuliinyima nchi shilingi bilioni 5.8 mwaka 2010 na bilioni 6.6 mwaka 2009, wakati misitu na mbao kwa mwaka viliingizia uchumi kama bilioni 1.3. Hesabu hiyo watu huitumia kupinga uvunaji wote, mimi naisoma tofauti: hasara ilitoka kwa msitu wa asili kugeuzwa kitu kingine, na hizo pesa alizipoteza mkulima wa mpunga Mwea na mwenye stima Kariobangi, siyo aliyekata.

Sasa ukishaliona jambo hivi, unaanza kuogopa vitu vingine kuliko lori. Mimi ninachoogopa kwanza ni barabara. Ile ya kutoka Ihithe, Nyeri, kukatiza mlima mpaka Ndunyu Njeru upande wa Nyandarua imeombwa na wenyeji kwa miaka, na sababu wanazo, mtu wa Nyandarua akitaka kufika Nyeri anazunguka mlima mzima na viazi vyake vinaharibika njiani. NEMA, mamlaka ya serikali ya mazingira, ilitoa leseni mwanzoni mwa 2024 yenye masharti mengi, watu wa mazingira wakaenda kortini kuipinga. Wanaoiunga mkono wanasema ni barabara tu, haikati msitu, inapita. Lakini ile njia ya tope niliyoieleza ndiyo hiyo hiyo, ila hii itakuwa ya lami, inapita katikati ya msitu, mianzi na nyanda za juu, na gari la kubeba mbao halitahitaji tena punda. Inaniuma zaidi kwamba mwanzo wake ni Ihithe, kijiji alikozaliwa Wangari Maathai. Viazi vinaweza kupata barabara nzuri ya kuzunguka, msitu hauwezi kuhamishwa pembeni, na bongo, wale swala wakubwa wa msituni, waliobaki porini ambao wengi wao wako humo, na hawafiki hata mia, hawana mlima mwingine wa kukimbilia.

Ninachoogopa cha pili ni mfumo wa shamba, siku hizi unaitwa PELIS, ambapo mkulima anapewa kipande kilichovunwa, analima viazi na maharagwe katikati ya miche kwa miaka kama mitatu kisha anatoka. Ukifanywa ilivyoandikwa ni mpango mzuri, miche inapaliliwa bure na familia inakula. Shida ni kwamba miche ikikauka mkulima anabaki, na kuna mahali miche inakauka kila mwaka kwa sababu anayelima anajua ikikua atafukuzwa. Shamba likichoka linasogea, na linasogea upande gani, linasogea kwa lile giza. Ndiyo sababu mfumo huo ulisimamishwa mwishoni mwa miaka ya 1980 na ukarudishwa baadaye kwa jina jipya. Cha tatu ni mipaka yenyewe. Sheria ya misitu ya 2016 inataka mtu anayetaka kubadilisha mpaka wa msitu apitie ombi, uchunguzi na Bunge, na tuliona kukiwa na jaribio la kuilegeza hiyo sehemu kupitia mswada wa marekebisho, watu wakapiga kelele mwanzoni mwa 2022 na haukufika mbali. Hizo kelele zilikuwa na maana kuliko kelele zote za malori ninazozijua.

Kuna hoja nyingine ambayo inatuhusu sisi tunaopanda milima, na nataka kuijibu kwa sababu nimeisikia ikisemwa kwa uchungu na mtu wa Kinangop: kwamba msitu unalindwa ili watoto wa Nairobi wapate mahali pa kutembea wikendi, na yeye akikata fito moja ya mwanzi anashikwa. Siwezi kumwambia amekosea. Pesa tunazolipa getini haoni zikifika kwake, tunakuja na chakula chetu, tunapita na mabasi yetu, tunaacha plastiki na njia iliyopanuka kwa sababu kila mtu anakwepa tope. Elephant Hill, kilele kimoja cha Aberdare, kuna sehemu njia imekuwa pana kama barabara ya kijiji. Lakini pia najua kwamba mahali njia za wapanda mlima zinatumika kila wiki, shimo la kupasulia mbao halikai muda mrefu bila mtu kuliona, na mahali hakuna njia, kisiki kinaweza kukaa miaka kumi bila ripoti. Macho yetu yana faida. Ila yanaangalia kilele tu. Tunapita kwa msitu wa muthaiti saa kumi na mbili asubuhi tukiwa na usingizi, tunakimbilia juu kwa picha, tunarudi jioni tumechoka. Kama vikundi vya haiki vingekubali mwongozaji wa kila safari atoke kwa chama cha wenyeji cha msitu, alipwe vizuri, na safari moja kwa mwezi iwe ya mabonde badala ya kilele, tungekuwa na orodha ya visiki na mashimo ambayo hakuna ndege ya serikali imewahi kutoa. Simu zetu zote zinaweka mahali picha imepigwa. Picha ya kisiki kibichi cha kamfa yenye mahali pake ina kazi kuliko picha elfu za malori ya saipresi Elburgon.

Kwa hivyo ninachotaka siyo marufuku irudi. Nataka saipresi na paini zivunwe kwa mnada ulio wazi, kila lori libebe karatasi yenye namba ya kipande cha shamba kilichovunwa, na kinu kitakachokutwa na kamfa, mtarakwa ama podo ya msituni kipoteze leseni, siyo faini ya kulipwa kwa simu. Nataka kila kituo cha msitu kibandike ramani getini inayoonyesha shamba la miti linaishia wapi na msitu wa asili unaanzia wapi, ili mama wa chai na mpanda mlima na mwenye ng'ombe wote wajue laini ni ipi, sababu leo laini hiyo iko kwa kabati ya ofisi. Na nataka ule mkanda wa msitu mrefu wa Aberdare upewe ulinzi kama uliopewa Mlima Kenya 2000, uwe hifadhi ya taifa kwa jina na kwa askari, badala ya kubaki kama mabaki kati ya mbuga na shamba la paini. Hili la mwisho najua litaleta vita, watu wa pembeni wanawaogopa KWS kwa sababu ya ndovu wanaovunja ua na fidia inayochelewa miaka, na kwa sababu wanakumbuka walivyofukuzwa. Kuni za kuanguka, nyasi, mizinga ya nyuki na maji ya ng'ombe lazima viandikwe kama haki yao kabla ya kitu kingine chochote kuandikwa, na mikutano ifanyike Gatare, Kimakia na Kieni, kwa lugha yao, siku isiyo ya soko, na wa kwanza kuulizwa wawe wale wazee wanaojua muthaiti umebaki bonde gani.